Saba Mara Nane Haiingilii Makalioni

Jumatatu mwanangu alirudi kutoka shule akakaa upande. Kochi zima lipo wazi, yeye kakalia paja moja kama abiria wa tatu kwenye siti ya watu wawili. Nikamuuliza kulikoni. "Baba, ni tebo ya saba." Fimbo tatu, moja kwa kila jibu lililomponyoka akiwa amesimamishwa mbele ya wenzake.

Yuko darasa la nne. Ana disleksia, ule ugumu wa kusoma na kuandika ambao hautokani na uvivu wala ujinga. Tumelijua hilo mwaka jana tu, baada ya miaka miwili ya kuitwa mvivu, na katika waliomwita hivyo mimi nilikuwa mstari wa mbele. Kiswahili kilimficha. Lugha yetu inasomwa kama ilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto wa namna hii mwishowe anasoma, ila silabi kwa silabi, na akifika mwisho wa sentensi ule mwanzo umeshayeyuka. Mwalimu anaona mtoto anayejua kusoma lakini hajitumi. Kilichokuja kumuumbua ni tebo.

Sisi wote tuliimba tebo, najua. Tuliimba mpaka paa la bati likaitikia. Haya, wewe uliyeimba, niambie sasa hivi saba mara nane, na usinianzie saba mara sita. Umeona? Wengi wetu tulichobeba ni wimbo, na wimbo una mlango mmoja tu wa kuingilia. Mwanangu shida yake iko hapo hapo: kichwa chake hakishiki vizuri mfululizo wa maneno. Maana ya kuzidisha anaijua, tena vizuri. Wimbo ukikatika katikati ndipo anapokosa pa kuushikia, anasimama kimya, na darasani kimya kinatafsiriwa kuwa ukilaza.

Halafu ongeza na Kiswahili chenyewe. Sita na tisa ni konsonanti zilezile zimebadilishana viti. Sitini na tisini, mchezo uleule. Ukija kuziandika, 6 na 9 ni mtu mmoja kasimama kwa miguu, kisha kasimama kwa kichwa. Sijui aliyepanga haya alikuwa na ugomvi na nani, lakini mtoto mwenye disleksia ndiye anayelipa. Na hapo bado hajahamishiwa kwenye Kiingereza, aanze wimbo upya kwa maneno mengine.

Sasa nikupeleke barazani kwetu. Mama yake anauza maandazi asubuhi, andazi moja 200. Jumamosi alimwachia mtoto meza akaingia ndani kugeuza mengine. Akaja jirani, akataka saba. Mwanangu hakuimba kitu. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Matano buku, mawili mia nne, buku na mia nne," akatoa chenji ya elfu tano kabla jirani hajafunga mfuko. Nilikuwa nimekaa pale na kikombe cha chai, nikakisahau mkononi. Mtoto huyu amepigwa kwa ajili ya saba!

Alichofanya ni kuivunja saba kuwa tano na mbili, kwa sababu tano anaimudu na mbili anaimudu. Mpe saba mara nane kwa njia hiyohiyo: nane tano ni 40, nane mbili ni 16, jumla 56. Itamchukua sekunde kumi badala ya mbili. Na akisahau, anaweza kuirudia tena kesho na keshokutwa bila kumtegemea mtu, jambo ambalo wimbo haukuwahi kunifanyia mimi.

Usiku ule tukakaa mezani. Tebo ya kumi kwa kumi ina vyumba 100, na mtoto akiviona vyote kwa pamoja anakata tamaa kabla hajaanza. Tukaanza kufuta. Ya moja, ya mbili, ya tano na ya kumi anazijua, toka. Tatu mara saba na saba mara tatu ni kitu kimoja, kwa nini tukilipie mara mbili? Zikabaki 21. Ya tisa ipo vidoleni: tandaza vidole kumi, kunja cha nne, kushoto vimebaki vitatu na kulia sita, basi nne mara tisa ni 36. Zikabaki 15. Ya nne ni kuzidisha kwa mbili halafu kwa mbili tena. Ya nane, rudia mara moja zaidi. Zikabaki sita. Sita tu! Tatu, sita na saba zikikutana zenyewe kwa zenyewe, basi.

Mojawapo ni saba mara saba. Akachora uwanja wa Sabasaba, mabanda safu saba, kila safu saba, akayahesabu kwa kidole, 49. Haijamtoka mpaka leo. Babu yake naye, ambaye siku zote anatuona tunamdekeza mtoto, akaja na bao lake: safu nne za mashimo manane, mashimo 32, kete zake 64, nane mara nane. Mzee kacheza bao miaka yote hiyo na hakuwahi kujiita mwalimu wa hisabati.

Haya, nakubali, kukariri kuna faida yake. Mtoto akifika kwenye visehemu na kugawanya kwa njia ndefu, aliye na jibu mdomoni anapumua kuliko anayelitengeneza. Nakubali pia mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia darasani hana muda wa kuchora mabanda ya Sabasaba na kila mmoja. Ila muda wa fimbo unapatikana, sijui unatoka wapi. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinataja makosa makubwa ya nidhamu, na hata hapo mkuu wa shule ndiye anayeruhusu. Kusahau saba mara nane ni kosa kubwa la nidhamu lini?

Na msiniletee habari za kwamba wenzetu wamestaarabika. Uingereza wanawapima watoto wa miaka minane na tisa kwa maswali 25 kwenye kompyuta, sekunde sita kila swali. Sekunde sita! Mwanangu hapo angekuwa bado yuko kwenye nane tano. Angalau wa huko harudi nyumbani akikalia paja moja.

Kinachonichekesha, kama ni kucheka, ni daftari. Nyuma ya daftari la mtoto tebo yote imechapishwa, ya moja mpaka ya kumi na mbili. Shule inataka kila daftari lijaladiwe kwa karatasi ya kaki, mbele na nyuma. Jana usiku nimechukua mkasi, nimeikata ile kaki ya nyuma kwenye madaftari yake yote. Mwalimu akiuliza, nimemwambia mtoto ajibu kwamba ni baba, na namba ya baba anayo.