Baiskeli ya Safarini Ichaguliwe kwa Kumtazama Fundi wa Huko Uendako

Kila ninapojiandaa kuvuka kutoka Dar es Salaam kwenda visiwani, jambo linalonichukua muda mrefu kuliko mengine yote ni baiskeli: niipakie yangu botini, nikodi nikifika, ninunue ya mtumba na kuiacha huko, au niazime ya kukunjwa. Wenzangu wengi ninaoendesha nao huamua kwa kuitazama baiskeli yenyewe, uzito wake na idadi ya gia zake. Mimi siku hizi huanza na fundi aliyeketi chini ya mwembe kule niendako, pamoja na tairi alizozitundika ukutani, kwa sababu yeye ndiye atakayeamua kama safari itaendelea au itaishia kwenye gari la abiria.

Haya niliyajua Pemba. Nilikwenda na baiskeli yangu ya gia, ambayo nilikuwa nimeizoea na kuiamini, na katika njia ya kutoka Wete kuelekea msitu wa Ngezi jiwe lenye makali likaichana tairi ya nyuma ubavuni. Nilipofika kwa fundi mmoja huko Konde, mzee mpole, nilimwamkia na kumwomba tairi ya inchi 28, naye akanipa bila kusita. Tairi iliingia kwenye ringi kwa urahisi uliotutia shaka sote wawili, kisha ikawa inacheza kama kiatu kilichozidi mguu. Mzee akaishika, akaigeuza, akasema, "Hii yako nayo ni ishirini na nane, mwanangu, lakini si ishirini na nane yetu."

Alikuwa na haki kabisa. Baiskeli kubwa nyeusi za aina ya Phoenix, zinazobeba magunia na madumu ya maji pwani nzima, hutumia tairi ya 28 kwa moja na nusu, ambayo kipenyo chake pale inapokaa kwenye ringi ni milimita 635. Yangu ilikuwa ya milimita 622, ingawa nayo huuzwa kwa jina hilohilo la 28, na tofauti hiyo ya milimita 13 inatosha kuifanya tairi iruke njiani. Mkanganyiko kama huo uko kwenye inchi 26 pia, kwani baiskeli za mtumba kutoka Japani nyingi zina ringi ya milimita 590, ilhali zile zenye tairi pana za njia mbaya zina milimita 559, na moja haiingii mahali pa nyingine. Namba hizi huchapwa ubavuni mwa tairi, na yeyote anayesafiri na baiskeli yake ninamsihi aisome ya kwake kabla hajatoka nyumbani. Mimi nilirudi Wete polepole, tairi yangu ikiwa imeshonwa kwa uzi wa nailoni na kutiwa kiraka cha tairi kuukuu kwa ndani, kazi ambayo yule mzee aliifanya kwa ustadi ninaoukumbuka hadi leo.

Tangu hapo, kwa safari isiyozidi wiki moja, ninachagua kukodi. Hata hivyo Unguja na Pemba haziamuliwi kwa hukumu moja. Unguja sehemu kubwa ni tambarare, kwa hiyo baiskeli isiyo na gia inatosha kukutoa mjini hadi Jozani, na upande wa mashariki maji yakipwa mtu anaweza kwenda juu ya mchanga mgumu kutoka Jambiani hadi Bwejuu, akisukumwa mgongoni na upepo wa kusi kama ni msimu wake. Pemba ni vilima juu ya vilima, na asiye na gia ajiandae kushuka na kusukuma.

Ubaya wa baiskeli ya kukodi ya pwani ni chumvi. Wageni huipitisha kwenye maji ya bahari, na maji hayo yakifika kwenye gololi, kutu huanza mahali pasipoonekana. Kwa hiyo kabla ya kulipa huinua gurudumu la nyuma na kulizungusha, kisha huishika tairi na kuitikisa kushoto na kulia, na likicheza ninaiacha. Huvuta pia mnyororo pale mbele kabisa kwenye meno makubwa, na ukiinuka hadi nusu ya jino kuonekana, umekwisha kuchakaa. Breki hubanwa baiskeli ikisukumwa, si ikiwa imesimama. Kuhusu dhamana, natoa fedha na kuandikiana. Pasipoti yangu haibaki dukani kwa mtu.

Mwili nao una haki yake. Kiti kikiwa chini mno, magoti hulalamika kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo nakipandisha mpaka kisigino kifike kwenye pedeli iliyo chini kabisa huku mguu ukiwa umenyooka. Na kwa kuwa kiti ndicho kinachomtesa mpandaji kuliko kitu kingine chochote, ninabeba changu mwenyewe mkobani.

Anayekaa mwezi mzima afadhali anunue ya mtumba, kisha aiache kwa jamaa au aiuze anapoondoka. Ya kukunjwa inafaa mjini na ni rahisi kuingia nayo botini, ila magurudumu yake madogo huzama mchangani na tairi zake ni adimu kwa mafundi wetu. Kuhusu ndugu wanaokuja kwa ndege kutoka Muscat au Ulaya, neno langu ni moja: baiskeli ya umeme ibaki huko, kwa sababu betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi katika ndege ya abiria, na betri za baiskeli hizo kwa kawaida huzidi kiwango hicho mara mbili au tatu.

Yangu mwenyewe nitaibeba tu pale ambapo kuendesha ndiyo safari yenyewe, siku nyingi mfululizo, na hapo nitafunga ringi za milimita 559, zile za tairi pana, na kuilaza botini upande wa mnyororo ukiwa juu, maana mara moja niliipokea bandarini ile sehemu ya nyuma inayohamisha gia ikiwa imepinda chini ya mizigo ya watu. Juni hii nakwenda tena Wete kwa siku tano. Nitakodi yenye gia, na mkobani nimekwisha kuweka kiti, taa, pampu na spana namba 15, ile inayofungua pedeli. Nimeweka pia kifurushi cha kahawa kwa ajili ya yule mzee wa Konde.