Uzito wa Kamati

Chama chetu hukodisha mahema na viti: harusi, ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), matanga, hata mikutano ya siasa kukiwa na msimu. Miaka yote mzigo ulibebwa na pikapu za kukodi, faida ikaishia kwa wenye pikapu. Mkutano ukapitisha tununue yetu, na jioni hiyo kila mwanachama akawa injinia.

Katibu alitaka Hilux, kwa hoja kwamba spea zake ukizikosa Kirinyaga Road basi hukutafuta. Mwingine akasema D-Max au hatoi mchango wake. Kijana wetu wa kufunga mahema, ambaye ndiye hasa anayeijua kazi, aliomba singo kabini, yenye safu moja tu ya viti, ya aina yoyote, mradi iwe na bodi ndefu ya mzigo na springi ngumu za kubeba tani, hata kama wa ndani watarushwa wagonge paa. Mwenyekiti alikuwa na swali moja tu.

"Na sisi tutakaa wapi?"

Swali hilo ndilo lililonunua gari. Kamati ni mwenyekiti, katibu, mlezi na mimi mweka hazina. Ongeza dereva, watano.

Huko yadi ya magari, Ngong Road, broka alitutazama tukiingia kwa itifaki, mwenyekiti mbele, mlezi na bakora yake nyuma, akatupitisha singo kabini zote bila hata kuzitaja. Akatusimamisha mbele ya dabo kabini nyeusi, safu mbili za viti: viti vya ngozi, madirisha ya umeme, tairi pana, springi laini za mtu wa safari. Aina yake siitaji, gari lenyewe halina kosa. "Hii inavuta kilo 3,500, mzee," akamwambia mwenyekiti. "Ni lori, basi tu limevaa suti."

Nikamwonyesha kwamba bodi ni fupi, vyuma vya hema havitalala humo. Akasema vyuma tutaviwekea trela. Nikauliza, kilo ngapi kwenye bodi, watu wakiwa ndani? Mwenyekiti akasema swali langu liko nje ya ajenda.

Kitabu cha gari nilikisoma nyumbani, kwa jicho lile lile ninalosomea risiti za katibu. Zile 3,500 zilikuwepo kweli, ila kwa trela yenye breki zake. Isiyo na breki, 750. Trela yetu ilichomelewa Kariobangi Light Industries, kazi safi, rangi ya buluu, jina la chama ubavuni. Breki hatukuagiza na fundi hakuuliza.

Halafu kuna hesabu ya gari lenyewe. Kilo lilizoruhusiwa kubeba zilikuwa 850, na si za bodi peke yake. Mtu akikaa kwenye ngozi, ni mzigo. Uzito ambao trela inaulalisha kwenye ndoano ya kuivutia, karibu sehemu moja ya kumi ya trela nzima, ni mzigo pia. Kamati pamoja na dereva, nikiikadiria kwa heshima zote, kilo 450. Ndoano, 100. Zinabaki 300, yaani viti vya plastiki 120 kwa kilo mbili na nusu kimoja. Sisi tulikuwa na oda ya viti 200 pamoja na hema.

Nikaituma hesabu hiyo kwenye WhatsApp ya kamati. Mlezi akajibu, "Amina."

Oda yenyewe ilikuwa ruracio, mtaani Karen. Tulitoka alfajiri, taa zimewashwa, ila taa hizo zilikuwa zinamulika matawi ya miti badala ya lami, maana viti vyote vilikuwa kwenye bodi na vyuma vyote vimerundikwa mbele ya trela, vinaikandamiza ndoano. Uhuru Highway dereva akasema kwa sauti ndogo, "Wazee, usukani umekuwa mwepesi sana." Mwenyekiti akamjibu kwamba ndivyo magari ya kisasa yalivyo.

Tukaushika mlima wa Valley Road. Katikati ya mlima matatu iliyokuwa mbele yetu ikasimama kuchukua abiria, nasi tukasimama. Dereva alipojaribu kuondoka, gari likaketi matako kama mbwa, klachi ikaanza kunuka, tukarudi nyuma. Trela haikurudi nasi. Ilijikunja kando, ikaugonga mlango wa bodi, mlango ukafunguka, na viti vikaanza kuteremka Valley Road safu kwa safu, kwa adabu kabisa, kana kwamba vimeitwa.

Raia wa Nairobi ni wema. Wapita njia waliviokota, wakavipanga pembeni, kisha waliochoka wakavikalia. Makanga wa ile matatu akachungulia mlangoni, akauliza mkutano unaanza saa ngapi.

Hapo ndipo mwenyekiti alipoinua macho akaona tumekwama wapi: nje ya Integrity Centre, makao ya tume ya kupambana na ufisadi. "Dereva," akasema, "popote pale, lakini si hapa." Mimi nilikuwa na mfuko wa pesa za chama mapajani. Niliusukuma chini ya kiti kwa kisigino.

Mtu wa mkokoteni aliyekuwa akipanda mlima huo huo, na gunia za viazi zimempita kimo, akaegesha. Akatuzunguka. Akauliza nani amepanga mzigo huu, hakuna aliyejibu. "Shukeni kwanza."

Nikashuka, nikainama kwenye gurudumu la nyuma. Kati ya tairi na bodi palikuwa hapapiti kidole. Katibu aliposhuka, vikapita viwili. Mlezi, vitatu. Mwenyekiti alishuka wa mwisho, baada ya kubembelezwa, na springi zikatoa mlio nikaweza kuingiza mkono mzima.

"Mimi mzigo ukijaa mbele unanivunja kiuno," yule bwana akatufundisha, huku akivuta vyuma vyetu kuelekea juu ya ekseli ya trela. "Ukijaa nyuma unaninyanyua, naning'inia hewani. Hii yenu ni mkokoteni tu. Ilalie mbele kidogo. Mkiijaza nyuma nayo, itawatikisia mkia barabarani mpaka mpinduke."

Viti vilikwenda Karen kwa pikapu ya kukodi. Singo kabini, ikavibeba vyote. Kamati ilipanda mlima kwa miguu hadi Hurlingham kutafuta matatu. Tulipofika, wazee wa pande zote mbili walikuwa kwenye nyasi na mazungumzo yamekwama. Hakuna mzee anayeweza kudai mbuzi akiwa amechuchumaa.

Dabo kabini tuliiuza kwa hasara ambayo imo kwenye vitabu vyangu, anayetaka aje aione. Sasa tuna singo kabini, bodi ndefu, na trela ina breki. Kiti cha dereva na kingine kimoja. Mtu wa mkokoteni ndiye mpakiaji wetu siku hizi, na alikubali kazi kwa sharti kwamba hicho kiti kingine ni chake. Mwenyekiti hufuata kwa matatu, na kila Jumatatu ananidai nauli bila risiti.