Kachiri za Laitihausi Zilivyotuponza

Mkubwa wetu wa maabara, tumwite Daktari tu, neno lake ni moja: "Usafi, vijana!" Na ana haki. Bomba letu la mshtuko, la kuzalisha wimbi kali la ghafla ndani ya gesi, ni la chuma kisichoshika kutu. Upande mmoja gesi ya heliamu iliyoshindiliwa, upande wa pili gesi ya agoni kidogo sana, katikati utandu wa aluminiamu. Utandu ukipasuka, paa! Wimbi linaivaa agoni na kuipasha moto digrii zaidi ya elfu kumi. Mfaransa Paul Vieille alikuwa na bomba la namna hii tangu 1899, ila yeye hakufanyia kazi kwenye joto la Mombasa, feni imekufa.

Sasa agoni ni bahili. Kumnyang'anya elektroni moja kunataka nishati ya elektroni-volti 15.8. Atomu zikigongana zenyewe kwa zenyewe, elektroni za mwanzo hutoka kwa kusitasita. Zikishapatikana chache, hizo ndizo hugonga nyingine na mambo yakaenda mbio. Kule kusitasita ndiko tulikokuwa tukikupima.

Alasiri hiyo hakukuwa na kusitasita. Agoni iliwaka mapema kuliko vitabu vinavyosema. Daktari akaruka. "Wallahi tumepata!" Akaagiza biriani ya watu wote, akashika chaki, akaandika kichwa cha makala ubaoni kwa herufi za kuonekana Likoni.

Mimi macho kwenye spektra, yaani mwanga wa gesi uliotenganishwa rangi kwa rangi. Mstari wa manjano, nanomita 589, umekaa pale bila haya. Nikageuka polepole kumtazama Saidi, aliyefunga utandu. Vidole vinang'aa mafuta. Pembeni mwa mdomo, chembe ya pilipili.

"Saidi mwanangu, umekula nini?"

"Kachiri tu, ami. Za Laitihausi." Zile chipsi kavu za muhogo na pilipili, za kule ufukweni Mombasa.

"Zina chumvi?"

"Nilimwambia mama aniongeze."

Sodiamu ya chumvi, jamani, mwenye ule mstari wa manjano! Hiyo elektroni yake huitoa kwa 5.1 tu, sadaka. Alama za vidole kwenye utandu zatosha: chumvi inatangulia kumwaga elektroni, nazo zinakwenda kumchokoza yule bahili kabla ya wakati wake.

Daktari alikuwa amesikia yote. Akafuta ubao, neno baada ya neno, kuanzia mwisho. Hapo mlango ukabishwa: biriani, na bili juu yake. Akaisoma bili, akamtazama Saidi, akaisoma tena.

"Karibuni tule," akasema. "Ila huyu apewe kijiko."