Kusimika PostgreSQL kwa amri au kukodi ya wingu: swali la nani atairejesha

Kaa mbele ya seva ya Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux), andika `sudo apt install postgresql`, na baada ya dakika chache una PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, ikifanya kazi. Kifurushi chenyewe kinaunda akaunti ya mfumo iitwayo postgres, kinaandaa saraka ya data chini ya `/var/lib/postgresql`, kinaweka faili za mipangilio kwenye `/etc/postgresql/15/main`, kisha kinaiwasha huduma kwenye mlango namba 5432, yaani namba ambayo programu nyingine huitumia kuifikia hifadhidata. Kwenye Red Hat, Linux nyingine, na ndugu zake utaongeza amri ya kuandaa saraka na nyingine ya kuwasha, basi.

Ndiyo maana vijana wanaponiuliza kama wasimike wenyewe au wakodi hifadhidata ya wingu inayotunzwa na kampuni nyingine, nawaambia ugumu wa kusimika wauweke kando. Kusimika si kugumu.

Faida kubwa ya kusimika kwa mkono ni kwamba mashine inakulazimisha uielewe. Chukua kosa ambalo karibu kila anayeanza hukutana nalo: anaandika `psql -U postgres` ili aingie kwenye hifadhidata, anajibiwa "Peer authentication failed". Wengi hukimbilia kubadilisha neno peer kuwa trust kwenye `pg_hba.conf`, faili inayosema nani aingie na kwa njia gani, mlango unafunguka, wanafurahi. Hawajui kuwa wameiambia seva imwamini yeyote aliye kwenye mashine ile bila nywila. Peer maana yake seva inauuliza mfumo endeshi wewe ni nani, na jina la akaunti yako lazima lilingane na jina unaloingilia. Dawa ni `sudo -u postgres psql`, kisha `CREATE ROLE`, yaani kuunda akaunti ya hifadhidata yenye nywila yake, kwa ajili ya programu yako. Aliyekaa na kosa hilo nusu saa akalielewa amejifunza kitu ambacho kitufe cha "unda hifadhidata" cha huduma ya wingu hakitamfundisha.

Kuna na hoja ya pesa. Huduma nyingi za wingu hulipwa kwa dola, kila mwezi, kwa kadi. Saccos ndogo yenye wanachama mia kadhaa inatosheka na kompyuta ya kawaida ofisini, na intaneti ikikatika mhasibu anaendelea kupokea marejesho. Isitoshe, tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, kupeleka taarifa za wanachama nje ya nchi kuna masharti yake.

Sasa upande wa pili, nao ni mzito.

Saccos moja niliyoihudumia, mhasibu alinipigia: "Kaka, mbona programu haifunguki nikiwa nyumbani?" Nikaweka `listen_addresses = '*'` ili seva isikilize mtandao wote, nikaongeza mstari wa 0.0.0.0/0 (yaani anwani yoyote) kwenye `pg_hba.conf`, nikafungua mlango 5432 kwenye ruta. Asubuhi yake nikafungua faili ya kumbukumbu za seva: kurasa kwa kurasa za `password authentication failed for user "postgres"`, yaani watu wanaobahatisha nywila, kutoka anwani za nchi ambazo hakuna mwanachama hata mmoja. Nilifunga mlango saa ile ile, mhasibu nikamtengenezea njia ya SSH, muunganisho uliosimbwa wa kuingia kwenye seva. Chaguo-msingi la PostgreSQL ni kusikiliza ndani ya mashine tu, na mimi ndiye niliyeuondoa ulinzi huo. Kwenye huduma ya kukodi bado ningeweza kukosea, ila mara nyingi ningekuta onyo njiani.

Nakala rudufu ndizo zinazonitia hofu zaidi. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi misimbo ya programu za watu mtandaoni, alidhani yuko kwenye seva ya pili, akafuta saraka ya data ya seva kuu. Alipoisimamisha amri, kati ya takriban GB 300 zilikuwa zimebaki GB 4.5. Walipokwenda kwenye nakala wakakuta hakuna kitu: `pg_dump`, amri ya kutoa nakala ya hifadhidata, iliyokuwa ikitumika ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati seva ilikuwa 9.6, kwa hiyo kila mara ilishindwa, na barua pepe za kutoa taarifa hazikumfikia mtu. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla. Hiyo ni kampuni yenye wahandisi wa kazi hiyo. Sisi wenye fundi mmoja anayepita mara moja kwa wiki tusemeje?

Kwa hiyo mimi hupima kwa mtu aliyepo, si kwa mashine. Pasipo mtu ndani ya ofisi anayeweza kurejesha data bila kunipigia simu, nashauri wakodi, hata kama ni ghali. Shule moja iliyonifuata mwaka jana niliishauri hivyo, na fundi wao nikamsimikisha PostgreSQL kwa amri kwenye kompyuta yake ya mkononi, ili siku huduma ikigoma ajue anazungumzia nini.

Saccos ile imebaki na seva yake. Saa nane usiku `pg_dump` inatoa nakala, nyingine inapelekwa kwenye mashine iliyo jengo tofauti. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mhasibu mwenyewe anaendesha `pg_restore`, amri ya kurejesha nakala, kwenye hifadhidata tupu, anajumlisha akiba za wanachama, na kunitumia jumla hiyo pamoja na ya kwenye daftari lake.