Anayefua Jezi Naye Ana Mshahara

Juzi zilipotoka habari kwamba klabu moja haijalipa mishahara kwa miezi mitatu sasa, kundi letu la mashabiki liliwaka moto. Usiku mmoja tu, ujumbe zaidi ya mia mbili. Nilisoma wote, na swali lilikuwa lile lile: mshambuliaji atavunja mkataba au atabaki? Hakuna aliyeuliza habari za anayefua jezi.

Mimi jambo hili linaniuma kwa sababu baba yangu mdogo alikuwa mtunza vifaa wa klabu. Alijua namba ya kiatu ya kila mchezaji bila kufungua daftari. Klabu ilipoyumba, mdhamini akajitoa, viingilio vikapungua, naye akaambiwa avumilie. Akavumilia mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwezi huo wa tatu akaletewa jezi ya mchezaji mpya aliyesajiliwa kwa mbwembwe. Akabandika jina mgongoni kwa pasi, herufi moja moja, akihakikisha hazipindi, kisha akaipeleka mwenyewe kwa wapiga picha. Sabuni ya kufulia wiki ile alinunua kwa fedha aliyokopa kwa mama mdogo.

Ndiyo maana sikubali nikiambiwa kwamba hali ni ngumu kwa wote sawasawa. Ni ngumu, kweli. Watu wakipoteza kazi, tiketi ya mpira hukatwa mapema kwenye matumizi ya nyumbani, na kampuni zikibana mkanda, udhamini hauponi. Lakini klabu nyingi mdororo wa uchumi unazikuta zimekwisha kula fedha ya kesho. ITV Digital, televisheni ya kulipia ya Uingereza, iliahidi klabu za madaraja ya chini pauni milioni 315 kwa miaka mitatu ili ionyeshe mechi zao. Klabu zikasaini mishahara kwa kutegemea ahadi hiyo. Mwaka 2002 kampuni ikaanguka, zaidi ya pauni milioni 178 hazikulipwa, lakini mikataba ya wachezaji ikabaki pale pale. Mwaka 2020 Ufaransa ikapata kipigo cha aina hiyo hiyo, kampuni ya Mediapro ilipoacha kulipia haki za matangazo ya ligi. Miaka kumi na minane, na somo halijaingia.

Fedha ikiisha, nani anaumia kwanza? Itazameni Portsmouth. Mwaka 2008 ilibeba Kombe la FA. Februari 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza kuwekwa chini ya msimamizi kwa kushindwa kulipa madeni. Ikapokonywa pointi tisa, ikashuka daraja, na wafanyakazi 85 wakapunguzwa. Halafu ikaja kanuni ya wadai wa soka, ile inayotaka wachezaji na klabu nyingine walipwe deni lao lote, huku wadai wa nje wakigawana kinachosalia. Miongoni mwa hao wa nje walikuwemo St John Ambulance, watu wa huduma ya kwanza wanaokaa kando ya uwanja na machela wakisubiri mtu aanguke. Walikuwa wanadai takriban pauni 2,700. Mamlaka ya kodi ilikwenda mahakamani kuipinga kanuni hiyo, na mwaka 2012 ikashindwa. Kila nikiifikiria machela ile nakosa raha. Aliyeuza beki kwa mamilioni analipwa lote, aliyembeba beki huyo akivuja damu anaambiwa apokee kidogo.

Msinielewe vibaya, siwachukii wachezaji. Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba mchezaji ana miaka michache tu ya kula kwa miguu yake, na goti likienda, mkataba ndio kinga yake. Tena wapo waliotuonyesha njia. Machi 2020, korona iliposimamisha mpira, wachezaji wa Barcelona walikubali kukatwa asilimia 70, na wakaongeza mchango wao ili wafanyakazi wengine wa klabu wapate mshahara kamili. Klabu ile ilikuwa na madeni ya kutisha na uongozi uliostahili kulaumiwa, lakini siku hiyo vijana wale walifanya jambo la haki. Liverpool nayo, mwezi uliofuata, ilitaka serikali ibebe mishahara ya baadhi ya wafanyakazi. Mashabiki wakapiga kelele, na ndani ya siku mbili uongozi ukaomba radhi na kurudi nyuma. Kumbe kelele zetu zinafika. Arsenal ilitangaza Agosti 2020 kufuta nafasi za kazi 55, na Oktoba ikalipa pauni milioni 45 kumchukua kiungo Thomas Partey. Naheshimu kipaji cha Partey. Hesabu ile siiheshimu.



Ninachotaka hakihitaji mapinduzi. Leo FIFA inaweza kuifungia klabu isisajili kwa sababu ya deni la mchezaji au la klabu nyingine. Kufuli tayari lipo. Basi lifungwe pia kwa mshahara wa mpishi, wa dereva wa basi, wa mkata nyasi, wa dada wa ofisini anayeuza tiketi. Kabla ya ligi kupokea jina la mchezaji mpya, klabu ilete uthibitisho wa benki kwamba kila mwajiriwa amelipwa mpaka mwezi uliopita. Haujaletwa, jina halipokelewi. Viongozi watasema hilo litaiua timu. Baba mdogo aliondoka akidai miezi saba, na wakati huo timu ilikuwa bado inasajili.

Leo asubuhi nimeandika kwenye kundi letu: "Wafanyakazi wa klabu wamelipwa?" Mpaka sasa wamejibu wawili. Mmoja ameandika kwamba mama yake anapika kambini, na anasubiri mshahara tangu Aprili.