Fundi Cherehani Hana Likizo ya Uzazi

Ukitaka kujua wanawake wa mji huu wanagombania nini, usipoteze muda kwenye redio wala barazani. Kaa na fundi anayepinda kanga. Doti inaletwa nzima kutoka dukani, mie ndiye ninayeikata katikati, mie ndiye ninayeipinda, na jina lake, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, nalisoma kabla halijamfikia aliyekusudiwa.

Cherehani yangu nimeiweka ukumbini kwa mbele, hapa Jang'ombe, mjini Unguja, mlango wazi. Asubuhi wanakuja akina mama wa nyumbani, jioni wanapita akina mama wa maofisini, na kila kundi linalionea huruma lenzake. "Maskini wenzetu, watoto wanalelewa na mtumishi." "Maskini wenzetu, hata hela ya vocha mpaka waombe." Huruma hiyo, wallahi, ina pilipili kuliko urojo.

Kuna mama mmoja wa benki aliniletea doti yenye jina "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu". Siku ya mapumziko akajifunga, akapita nayo taratibu mbele ya nyumba ya jirani yake, ambaye yuko nyumbani na wanawe. Hakuna aliyesema neno. Haikupita wiki, jirani naye huyo kaja na doti yake: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo". "Fundi, hii naitaka upesi." Nikamwambia kuna foleni. Akaongeza hela. Sasa mie nifanye nini, nikatae riziki? Siku ya kuchukua wakakutana hapa hapa mlangoni kwangu. Nikashika mkasi nikijua leo yatazuka. Wakasalimiana, wakaulizana hali za watoto, wakasifiana rangi za kanga, wakaondoka wanacheka. Aliyebaki na jasho ni mie.

Na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mie nimesimama wapi.

Mke wangu ni muuguzi. Leo zamu ya asubuhi, kesho mchana, keshokutwa usiku. Ratiba kaibandika kwenye mlango wa friji na nyumba nzima inaendeshwa nayo. Na kwa kuwa cherehani ipo nyumbani, basi na mie nahesabiwa nipo nyumbani, na aliye nyumbani, watu wote wanajua, hana kazi. Maji ya mfereji yakija saa nane mchana, fundi yupo, atakinga. Gesi ikiisha, fundi yupo. Muuza samaki asipomkuta mtu nyumba ya pili, changu wanaachwa kwangu, na wakiharibika nitaulizwa mie. Mtoto mkubwa anakwenda skuli mkondo wa asubuhi na chuoni, kwenye Kurani, jioni. Wa pili yake chuoni asubuhi, skuli mkondo wa mchana. Kwa hiyo nyumba hii haijawahi kukosa mtu anayetafuta kofia. Muda wote huo mguu wangu uko kwenye kanyagio, nashona baibui la watu, la kuvaliwa harusini kesho. Nikilalamika, mke wangu ananishika paji la uso kuangalia kama nina homa.

Alipojifungua huyu wa mwisho ndipo nilipoiona hesabu ya wakubwa. Likizo ya uzazi, miezi mitatu. Lakini huko huko kliniki, mke wangu mwenyewe anasimama mbele ya mabango na kuwafundisha wenziwe: mtoto apewe maziwa ya mama pekee, hata maji asionjeshwe, mpaka atimize miezi 6. Mie sikusoma sana, ila kutoa nakujua. Sita toa tatu. Hiyo iliyobaki mtoto anyonye nini, barua ya likizo?

Jawabu likawa kukamua. Vichupa vikapangwa kwenye friji, kila kimoja kimeandikwa saa yake, na mie nikakabidhiwa kikombe na kijiko. Mama yangu mzazi akaja kutoka shamba kutusaidia. Asubuhi ya kwanza kaamka kabla ya watu, kaona maziwa, kapika chai. Katia iliki, katia tangawizi, chai inanukia mpaka njiani. Nishakunywa nusu kikombe ndipo mke wangu alipofungua friji na kupiga ukelele. Bi mkubwa akasema hata yeye aliyashangaa, mbona maziwa yenyewe mepesi, ng'ombe wa wapi huyu. Tangu hapo hafungui friji ya watu bila kupiga hodi.

Wanaume wa barazani wao linalowawasha ni moja tu: "Mshahara wake unauona?" Siuoni, na siulizi. Mali ya mke ni ya mke, chakula na mavazi ni juu yangu, hilo tumesomeshwa tangu wadogo. Lakini mke wangu alikwenda darsa la wanawake, akarudi na jengine: kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi, kupika na kufua si wajibu wa mke, anafanya kwa ihsani yake. Akanieleza kwa upole kabisa, mie nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Nikaenda kwa sheikh kukata rufaa. Sheikh akashika ndevu, akasema ndiyo, vitabuni imo, ila akaniomba sana nisiende kulitangaza barazani.

Lakini anayenichosha kuliko wote ni huyo anayeitwa mama wa nyumbani. Namtafuta mpaka leo simuoni. Yule jirani wa kanga ya pili, ambaye ati hafanyi kazi, alfajiri anakaanga vitumbua vya kupeleka skuli, mchana anagandisha malai, usiku anashona kofia za viua, tundu baada ya tundu, kwa mkono. Mie fundi, kazi ile naijua, na macho yangu yaliikimbia zamani. Daftari la upatu wa mtaa analo yeye. Mtu huyo ukimuuliza unafanya nini, anakwambia: "Nipo tu."

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, yeye yuko Jambiani, analima mwani. Pwani ile mwani ulianza kulimwa kwa biashara mwaka 1989, na wanaoinama baharini wengi wao ni wanawake. Bamvua likiingia, maji yakitoka, na yeye huyo anayafuata na vigingi vyake na kamba zake. Mbegu anafunga kwa taitai, kipande kimoja kimoja, mgongo umepinda, jua linachoma shingo, na maji yakianza kurudi yanamkuta bado hajamaliza mstari. Anatoka na gunia limeloa, linamshinda uzito. Analianika. Likikauka linakuwa jepesi, na bei yake ya kilo ilikuwa nyepesi tangu mwanzo. Halafu ndiyo anaingia jikoni. Siku alipokwenda kumuandikisha mwanawe skuli akaulizwa kazi yake, akajibu bila kulazimishwa na mtu: "Mama wa nyumbani." Na kanga aliyovaa ina chumvi inasimama peke yake!

Na yule wa benki naye, nani kakwambia kazi yake inakwisha ofisi ikifungwa? Anapita Darajani kununua mbatata, anapanda daladala kainama kwa sababu paa halimtoshi, akifika kibaraghashia cha mume kipo juu ya kochi na mwenye nacho anauliza leo kuna nini. Ramadhani ndiyo usimtazame kabisa. Kazi zinapunguzwa saa ili watu wawahi kufuturu, maana yake wanaume wawahi kulala na wanawake wawahi kumenya muhogo.

Sasa huyu wangu wa mwisho, yule wa vichupa, mwaka huu kaanza skuli ya maandalizi. Skuli yenyewe ipo ng'ambo ya barabara, mlango wake unatazamana na cherehani yangu. Tulipokwenda kumuandikisha mwalimu akatoa fomu. Nani atamleta? Mie. Nani atamchukua? Mie. Akiumwa aitwe nani? Mie, nikamuonesha na mahali ninapokaa, ukinyoosha mkono unanigusa. Mwalimu akaitikia vizuri, akaandika namba ya simu ya mama.

Juzi mtoto katapika darasani. Mwalimu akampigia mama yake, aliyekuwa wodini na sindano mkononi. Mama yake akanipigia mie. Simu yangu ipo chini ya rundo la kanga, wala siisikii. Akampigia jirani wa vitumbua. Jirani huyo kaja mbio, unga mpaka kwenye viwiko: "Fundi! Fundi! Mwanao anaumwa skuli!" Nikanyanyua kichwa. Mwalimu yupo pale mlangoni kwake, kamshika mtoto mkono, tunatazamana.

Nikavuka barabara na tepu shingoni. "Mwalimu," nikamwambia, "si ungeniita tu?"

"Nilikuwa nakuona," akasema, "lakini nikaona uko kazini, nisikusumbue."