Gari Lisilotembea Linahitaji Chaji, Halihitaji Kuungurumishwa

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, wengi wetu tunaoishi huku Dodoma tumeacha kuendesha kilomita kama 450 kila tunapotaka kuziona familia zetu. Mtumishi ambaye mke au mume na watoto wamebaki Dar es Salaam hupanda treni Ijumaa jioni, na akiunganisha mwisho wa wiki na likizo au safari ya kikazi, gari lake hukaa wiki mbili au tatu nyuma ya geti la Kisasa, Ilazo au Iyumbu bila kutoka. Kabla ya kuondoka humwachia mlinzi au kijana wa nyumbani funguo pamoja na agizo ambalo sote tunalijua: "Uwe unaliwasha kila baada ya siku mbili, dakika tano zinatosha." Naandika kulipinga agizo hilo, kwa sababu naamini linatupotezea betri ambazo zingeweza kutufaa kwa miaka mingine.

Gari likishazimwa haliachi kabisa kutumia umeme. Kompyuta yake, saa, alamu na kipokezi cha rimoti huendelea kunyonya kidogo kidogo, na katika gari lisilo na hitilafu kiasi hicho kwa kawaida hakizidi miliampea 50. Hata hivyo, miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2, na betri ya ampea-saa 45 ikinyonywa hivyo hupoteza nusu ya chaji yake kwa siku 19 hivi. Aliyefungiwa traka au alamu ya ziada anaweza kufika hapo mapema zaidi. Kuna pia joto, maana betri hujimaliza yenyewe hata kama haijaunganishwa na chochote, na kasi hiyo huongezeka kadiri joto linavyopanda, kiasi kwamba gari lililoegeshwa juani mwezi Oktoba au Novemba, kabla mvua hazijaanza, hupoteza chaji haraka kuliko lile lililo kivulini.

Hasara kubwa si kukuta gari haliwaki siku ya kurudi, kwa kuwa jirani mwenye waya za kubusti hakosekani. Hasara iko ndani ya betri. Ikikaa na chaji pungufu, salfeti ya madini ya risasi inayojijenga kwenye bamba zake hugeuka fuwele ngumu, na zikishakomaa, chaji ya kawaida haiwezi kuziondoa zote. Kila wiki ambayo betri inakaa nusu tupu huipunguzia uwezo, na uwezo huo haurudi.

Sasa dakika tano za kuungurumisha zinaongeza nini? Kupiga stata kwenyewe hakumalizi umeme mwingi kama inavyosemwa, kwa kuwa ni ampea nyingi kwa sekunde moja au mbili tu. Tatizo ni kwamba betri ya risasi hupokea chaji polepole, hasa inapokaribia kujaa, na altaneta, yaani kizalisha umeme cha gari, injini ikiwa kwenye silensa (inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta), huzalisha umeme mdogo ambao sehemu yake huliwa na plagi, pampu ya mafuta, feni na kiyoyozi kama kimeachwa wazi. Kinachobaki hakitoshi kurudisha kilichopotea na kuijaza betri. Wakati huohuo injini inazimwa kabla haijapata moto sawasawa, hivyo unyevu na petroli isiyoungua hubaki kwenye oili, na maji hutulia ndani ya eksozi yakaanza kuila. Kama yupo mtu unayemwamini na mwenye leseni, mwombe alitoe gari kwa nusu saa au zaidi mara moja kwa wiki; kwenda Mtumba na kurudi kutaisaidia betri kuliko wiki nzima ya kuungurumisha uani. Magari ya haibridi yana utaratibu wao, kwa kuwa betri yao ndogo ya volti 12 huchajiwa na ile kubwa mara gari linapokuwa tayari kutembea, hata injini ikiwa kimya.

Kwa asiye na mtu wa kumwachia gari, ushauri wangu ni spana namba 10 ya kuichomoa betri. Katika Toyota nyingi hiyo ndiyo inayolegeza nati ya kichwa cha betri, na kinachochomolewa ni upande wa hasi, kwa sababu spana ikigusa bodi wakati unalegeza upande wa chanya, cheche zitaruka. Ukiwa hapo, futa vumbi lililolala juu ya betri, kwani vumbi letu likipata unyevu hupitisha umeme kidogo kati ya vichwa viwili, na ule unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa usafishe kwa maji yenye magadi, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri.

Njia hiyo ina kikwazo ambacho wenye magari yaliyotoka Japani wanakijua: baadhi ya redio zake hujifunga betri ikichomolewa, zikadai namba ya siri ambayo muuzaji hakukupa. Kwa gari la namna hiyo, na kwa lenye alamu inayotakiwa kufanya kazi muda wote, nunua chaja ndogo inayojirekebisha yenyewe, ile inayoijaza betri kisha ikashuka na kuishikilia kwenye volti 13.5 hivi. Sola ndogo ya wati 10 yenye kidhibiti chake nayo inafaa sana kwa jua la Dodoma, ila iungwe moja kwa moja kwenye betri, kwa maana tundu la kiberiti cha sigara katika magari mengi ya Kijapani hukatika umeme ufunguo unapotolewa.

Na kama betri imeshashuka, usikubali ihukumiwe kwa mita ya volti peke yake. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, ikisoma 12.0 ina njaa, na hiyo haitoshi kumfanya fundi akuuzie mpya saa hiyohiyo. Mwambie aichaji kwa ampea ndogo usiku kucha, mahali penye hewa na pasipo moto kwa kuwa hutoa haidrojeni, aiache itulie saa kadhaa, kisha asome mita wakati stata inapigwa. Ikiwa betri iliyojazwa hivyo, kwenye gari ambalo stata yake ni nzima, inaanguka chini ya volti 9.6, hapo ndipo mzungumze bei ya nyingine.